Utulivu Haukanyagi Pedeli

Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, watu wengi wa ukanda wetu waliutazama mchezo huu kwa makini kwa mara ya kwanza. Wakaupenda. Na kama ilivyo ada ya mashabiki wapya, hawakuchelewa kuwa mabingwa wa kuuchambua. Redioni, vijiweni, ndani ya daladala, maelezo yaliyotawala yalikuwa ya kichwa: fulani ameshinda kwa kuwa ana akili tulivu, fulani ameshindwa kwa kuwa presha ilimzidi, na vijana wetu hawafiki popote kwa kuwa hawana moyo. Wapo pia waliojibu kwa kwenda upande wa pili kabisa: baiskeli ni mapaja na mapafu, hayo mengine ni madoido ya watangazaji.

Madai haya yanastahili kujibiwa moja baada ya jingine. Mengi hayasimami, na yale yenye chembe ya ukweli yameiweka chembe hiyo mahali pasipo pake.

"Miguu yao ni sawa, wanachozidiana ni kichwa"

Hili ndilo linalopendwa kuliko yote, na shahidi wake huwa ni yule yule: Primož Roglič. Mslovenia huyo aliamka tarehe 19 Septemba 2020 akiwa na jezi ya njano ya Tour de France, akiongoza kwa sekunde 57, na siku ya ushindani wa kweli iliyobaki ni moja tu. Zilikuwa mbio za saa, kilomita 36.2, kila mtu anaondoka peke yake, na mwisho wake ni mlima wa La Planche des Belles Filles. Jioni jezi ilikuwa mwilini mwa Mslovenia mwenzake, Tadej Pogačar, kijana wa miaka 21. Picha iliyozunguka dunia ni ya Roglič akikanyaga huku helmeti imempanda utosini na uso umepauka. Tangu siku hiyo, kila anapotafutwa mfano wa mtu aliyeliwa na presha, jina lake ndilo huja kwanza.

Sasa tupige hesabu. Pogačar alimpita Roglič kwa dakika 1 na sekunde 56. Lakini aliyeshika nafasi ya pili siku hiyo, Tom Dumoulin, bingwa wa dunia wa zamani wa mbio hizo hizo za saa, mtu ambaye hakuwa na jezi ya kulinda wala cha kupoteza, aliachwa kwa dakika 1 na sekunde 21. Richie Porte aliyekuwa wa tatu, vivyo hivyo. Akiba ya Roglič ilikuwa sekunde 57. Kwa hiyo hata angeendesha sawasawa na Dumoulin, kwa utulivu wote uliopo duniani, bado angeipoteza Tour kwa sekunde 24. Hakukuwa na mtu hata mmoja katika msafara ule ambaye angeweza kuilinda jezi ile siku ile. Helmeti iliyokaa vibaya inaonyesha mtu anayeteseka. Haituambii kwa nini alishindwa.

Na huyo anayeitwa mwoga wa siku kubwa, wiki mbili baadaye alishinda Liège–Bastogne–Liège kwa kulirusha gurudumu lake mbele ya mstari wakati Julian Alaphilippe, bingwa mpya wa dunia, ameshainua mikono kushangilia. Akashinda Vuelta ya Hispania mwaka huo huo. Mwaka uliofuata akachukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo katika mbio za saa. Kisha, mwaka 2023, Giro d'Italia ikamrudisha kwenye hali ile ile: siku moja kabla ya pazia kufungwa, mlima mkali, saa, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya Geraint Thomas kwa sekunde 26. Katikati ya Monte Lussari mnyororo ukaruka. Akashuka, akaurudisha, akapewa msukumo na mtu wa kando ya barabara ambaye, kwa maajabu ya dunia hii, alikuwa mwenzake wa zamani katika mchezo wa kuruka kwa ski, na akashinda Giro kwa sekunde 14. Mtu ni yule yule. Waliobadilika ni wapinzani, pamoja na miguu aliyoamka nayo.

Mgeukie na Pogačar, ambaye kila mtu anakubali kwamba hatishiki. Julai 2022, timu ya Jumbo-Visma ilimshambulia kwa zamu kwenye mlima wa Galibier, na alipoanza kuupanda Granon alikuwa bado anaitabasamia kamera. Huwezi kupata picha bora ya mtu mtulivu. Kilomita chache kabla ya kilele aliishiwa kabisa, na Jonas Vingegaard akamwacha kwa dakika 2 na sekunde 51. Mwaka uliofuata, kwenye Col de la Loze, pengo likawa dakika 5 na sekunde 45. Pogačar alikuwa amevunjika mkono mwezi Aprili na kukosa wiki kadhaa za mazoezi. Mwaka 2024, akiwa na tabasamu lile lile, alishinda Giro, Tour na ubingwa wa dunia kwa mkupuo.

Dai hili lina madhara kuliko linavyoonekana. Kwa miaka mingi dunia ilielezwa kwamba Lance Armstrong anashinda kwa sababu saratani ilimfundisha kutoyaogopa maumivu. Wahubiri walimtaja madhabahuni, wakufunzi wa biashara wakamtaja semina. Mwaka 2012 alinyang'anywa mataji yake yote saba ya Tour, ya 1999 hadi 2005, na Januari 2013 akakiri mbele ya televisheni: EPO, damu ya kuongezewa, testosteroni. "Moyo wa chuma" hauna kipimo cha maabara, kwa hiyo unaweza kufunika chochote. Ndiyo maana mimi hushtuka kidogo kila ninapousikia ukitolewa kama maelezo kamili ya ushindi.

"Basi kichwa ni porojo, tuonyesheni wati"

Waliochoshwa na mahubiri hayo hukimbilia kwenye mita inayopima nguvu ya kukanyaga, na huko nako wanapotea kwa namna yao.

Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa kwa watu 16. Siku moja washiriki walitumia dakika 90 kwenye kompyuta kufanya kazi inayochosha akili. Siku nyingine muda huo huo waliutumia kutazama filamu za maelezo zisizosisimua. Kila mara baada ya hapo walipanda baiskeli ya maabara na kukanyaga kwa asilimia 80 ya uwezo wao wa juu mpaka washindwe. Waliotoka kwenye filamu walidumu wastani wa sekunde 754. Waliochoka akili waliishia sekunde 640. Vipimo vya moyo na vya misuli havikuweza kuieleza tofauti hiyo. Kilichotofautiana ni hisia: uzito ule ule wa pedeli ulionekana mkubwa zaidi kwa mtu mwenye akili iliyochoka, naye akaacha mapema.

Mtu wa wati atasema, na kwa haki, kwamba hao hawakuwa waendesha baiskeli wa kulipwa. Lipo jaribio jingine la mwaka 2016, la Kristy Martin na wenzake, lililowalinganisha waendesha baiskeli 11 wa kulipwa na 9 wa kujifurahisha. Wote walifanyishwa dakika 30 za zoezi la kutaja rangi ya wino huku neno lenyewe likitaja rangi nyingine, kisha wakaendesha dakika 20 kwa nguvu zao zote. Wa kujifurahisha walishuka kiwango. Wa kulipwa hawakutikisika, na hata kwenye zoezi lenyewe la rangi walifanya vizuri zaidi. Watu wachache, ndiyo, na huwezi kujua kama mchezo ndio uliowakomaza hivyo au waliokomaa hivyo ndio waliobaki kwenye mchezo. Lakini porojo haiachi alama ya namna hiyo maabara.

Huko barabarani kichwa hufanya kazi katika mambo ambayo kamera haiyaoni. La kwanza ni kula. Siku ya milima mtu anatakiwa kumeza gramu 90 mpaka 120 za wanga kila saa, kwa saa tano, mapigo ya moyo yakiwa juu na tumbo likikataa. Mwenye wasiwasi husahau au hushindwa kula, na saa mbili baadaye mita ya wati huandika matokeo ambayo mtazamaji huyaita udhaifu wa miguu. La pili ni breki. Anayeogopa mteremko hubana breki kabla ya kona, hubaki nyuma mita tano, kisha hulipa kwa kukanyaga kwa nguvu ili kuwashika wenzake. Hurudia malipo hayo kona baada ya kona, siku baada ya siku, kwa wiki tatu na zaidi ya kilomita 3,000. La tatu ni kujua kasi yako mwenyewe: katika mbio za saa, dakika mbili za kwanza zenye papara huharibu kumi za mwisho.

Vingegaard ndiye mfano wa wazi. Kabla ya kuwa bingwa alifanya kazi ya samaki huko kwao Denmark. Mwaka 2019, kwenye Tour ya Poland, alishinda hatua ya milimani na kuvaa jezi ya kiongozi huku ikibaki siku moja. Siku hiyo akaanguka vibaya kwenye msimamo. Imesimuliwa hadharani kwamba wasiwasi ulimzuia kula. Miguu iliyoipata jezi Alhamisi haikuwa imekwenda popote. Kilichokosekana Ijumaa ni chakula ndani ya miguu hiyo.

Hapo ndipo ninapoiweka chembe ya ukweli: utulivu hauongezi wati hata moja, ila unazizuia ulizonazo zisimwagike njiani.

"Mwenda pole hajikwai"

Methali nzuri, lakini mchezo huu hauiheshimu. Wengi hudhani mtulivu ni yule anayesubiri, anayejificha kwenye kundi mpaka kilomita ya mwisho, na kwamba anayetoka mapema ametawaliwa na jazba.

Kigali ilijibu vizuri. Jumapili ya tarehe 21 Septemba, katika mbio za saa, Remco Evenepoel alimpita Pogačar barabarani, ingawa alianza dakika mbili na nusu nyuma yake. Kwa bingwa wa dunia hakuna aibu kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa mpinzani anakupita mbele ya umati na unauona mgongo wake ukienda. Pogačar hata medali hakupata siku hiyo. Alikuwa wa nne. Jumapili iliyofuata, kwenye njia ya kilomita 267.5, alishambulia juu ya Mlima Kigali zikiwa zimebaki kilomita 104. Juan Ayuso na Isaac del Toro wakamfuata, Ayuso akaachwa, kisha Del Toro naye akaachwa, na kilomita 66 za mwisho Pogačar akaziendesha peke yake. Walioanza walikuwa zaidi ya 160. Waliomaliza, 30. Ukilitazama shambulio lile kwa juu unaona wazimu. Ukilitazama kwa hesabu, katika njia yenye vilima visivyokwisha na hewa nyembamba ya juu, kundi lilikuwa linakwenda kusambaratika tu, na swali pekee lilikuwa nani atakuwa mbele litakaposambaratika. Kutoka kilomita 104 kabla ya mwisho ulikuwa uamuzi wa mtu aliyeliona hilo na hakuogopa kuonekana mwendawazimu.

Upande wa pili wa shilingi ni Colle delle Finestre, na hapa naomba nikae kidogo maana sijui hadithi nzuri kuliko hii katika mchezo wote. Mlima huo wa Italia una kilomita 18.5, mwinuko wa wastani unapita asilimia 9, na sehemu ya juu haina lami. Mei 2018 Simon Yates aliufikia akiwa na jezi ya waridi ya Giro na siku tatu tu za kumaliza. Akaishiwa, akapoteza zaidi ya dakika 38, na Chris Froome akaondoka peke yake kilomita 80 kabla ya mwisho na kuchukua Giro. Watu wakasema Yates hana kifua cha wiki tatu.

Mei 31, 2025, Giro ikarudi pale pale ikibaki siku moja. Del Toro, kijana wa Meksiko wa miaka 21, alikuwa na jezi, Richard Carapaz wa Ekuado akiwa sekunde 43 nyuma, na Yates wa tatu akiwa dakika 1 na sekunde 21 nyuma. Carapaz akashambulia, Del Toro akamganda. Yates akashambulia, wale wawili wakatazamana. Nani amfukuze? Del Toro alikataa kumvuta Carapaz, Carapaz naye akakataa kumvuta Del Toro, kila mmoja akiwa ametulia tuli akisubiri mwenzake aanze kuogopa. Wala hakukuwa na papara yoyote katika uamuzi wao. Mbele, baada ya kilele, Wout van Aert wa timu ya Yates alikuwa anamsubiri, ametumwa mbele pamoja na kikundi kilichochomoka asubuhi kwa kazi hiyo tu. Yates akamaliza Giro akiwa bingwa kwa dakika 3 na sekunde 56.

Unaweza kusema Yates alikuwa amekomaa, na pengine ndivyo. Lakini tazama waliopoteza: hawakupoteza kwa kukosa utulivu. Walikuwa nao wa kutosha, wakautumia kutazamana.

"Mwenye hasira hana utulivu"

Siku ile ile Pogačar aliposhambulia huko Kigali, Evenepoel alisimama kando ya barabara akifoka na kurusha mikono. Baiskeli ilipigwa na shimo, kiti kikakaa vibaya, akabadilisha. Aliyopewa nayo haikumfaa, akabadilisha tena, na gari la timu halikuwa limefika. Mitandao ilishamzika. Akamaliza wa pili, dakika 1 na sekunde 28 nyuma, baada ya kuwashika na kuwaacha karibu wote waliompita alipokuwa amesimama.

Bernard Hinault, mshindi wa Tour mara tano, mwaka 1984 aliwakuta wafanyakazi wa karakana ya meli wamefunga barabara kwenye Paris–Nice, akaingia moja kwa moja na baiskeli na kuanza kurusha ngumi. Mark Cavendish, Julai 2021, alimfokea fundi wake mbele ya kamera mwanzoni mwa hatua, akaomba radhi baadaye. Wakati huo alikuwa ameshashinda hatua nne za Tour ile na kuifikia rekodi ya Eddy Merckx ya hatua 34. Mwaka 2024 akaongeza ya 35, na rekodi ikawa yake peke yake.

Sisi hasa, tuliolelewa kumsifu mtu mpole, huwa tunachanganya adabu na utulivu. Mwenye uso wa maji mtungini anaweza kuwa anaungua ndani na kusahau kula. Mwenye kufoka anaweza kuimaliza hasira yake kwa nusu dakika na kurudi kazini. Kinachohesabiwa ni dakika inayofuata. Tom Dumoulin, kwenye Giro ya 2017, alishikwa na tumbo katikati ya hatua ya Stelvio huku akiwa na jezi ya waridi. Akashuka, akavua, akajisaidia kwenye majani mbele ya dunia nzima. Wapinzani hawakumsubiri. Alipopanda tena hakujaribu kuwafukuza kwa kishindo. Alipanda kwa kasi aliyojua anaimudu, akapoteza zaidi ya dakika mbili, lakini jezi akabaki nayo, na Milan akaibuka bingwa kwa sekunde 31 mbele ya Nairo Quintana. Angewafukuza kwa jazba, nadhani angeachwa zaidi.

"Anayejitoa kwa sababu ya kichwa amekwisha"

Dumoulin huyo huyo, Januari 2021, aliondoka kambini na kutangaza kwamba anasimama. Hajui tena anataka nini na maisha ya baiskeli. Miezi sita baadaye alikuwa jukwaani Tokyo na medali ya fedha, nyuma ya Roglič. Mwaka 2022 akastaafu kweli. Cavendish naye aligundulika kuwa na sonona mwaka 2018, na mwaka 2020 alilia mbele ya kamera baada ya mbio nchini Ubelgiji, akidhani pengine ndiyo ya mwisho. Tumeshaona alichofanya baadaye. Sina la kuongeza hapa.

"Utulivu mtu huzaliwa nao"

Thibaut Pinot wa Ufaransa alikiri hadharani mwaka 2013 kwamba anaogopa miteremko, baada ya kuachwa akiteremka Port de Pailhères. Vyombo vya habari vya kwao vilimchambua kana kwamba ni mgonjwa. Mwaka 2014 alikuwa wa tatu kwenye Tour. Vingegaard aliyeshindwa kula Poland alishinda Tour mwaka 2022 na 2023. Na katika ile ya 2022, siku ya barabara za mawe, alihangaika na baiskeli isiyo saizi yake na bado akaokoa siku.

Chris Hoy ni wa uwanjani, si wa barabarani, ila siwezi kumwacha. Athens 2004, mbio za kilomita moja dhidi ya saa, yeye ndiye wa mwisho kuingia. Amekaa anasikia umati ukilipuka: Shane Kelly ameweka muda bora, Stefan Nimke ameuvunja, Arnaud Tournant ameuvunja na huo. Hoy alikuwa amejadiliana kabla na Steve Peters, daktari wa akili wa timu ya Uingereza, kuhusu hali kama hiyo hasa: atawaza nini wakisikika wenzake wakivunja rekodi. Akaingia, akashinda kwa dakika 1 na sekunde 0.711, Tournant akiwa sekunde 0.185 nyuma. Utulivu ule ulitengenezwa kabla ya siku yenyewe, kwa mazoezi, kama mguu unavyotengenezwa.

"Waafrika wana pumzi, hawana moyo wa msafara"

Hili huenezwa zaidi na sisi wenyewe, na ndilo linaloniudhi. Husemwa kwa sauti ya huruma: mwili tunao, tazama wakimbiaji wetu, ila kule ndani ya kundi la watu 150, kiwiko kwa kiwiko, kichwa hakituruhusu.

Kama kuna mahali kichwa kinapimwa, ni mita 300 za mwisho za mbio za kasi, watu wakienda zaidi ya kilomita 60 kwa saa na nafasi ya kupita ikifunguka kwa nusu sekunde. Tarehe 1 Julai 2024, mjini Torino, Biniam Girmay wa Eritrea aliipata nafasi hiyo na kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France. Akashinda nyingine mbili. Hatua ya 16 akaanguka karibu na mwisho, akaumia kiwiko na goti, akaendelea, na Nice akafika na jezi ya kijani ya bingwa wa pointi. Miaka miwili kabla, kwenye Giro, alimshinda Mathieu van der Poel uso kwa uso mjini Jesi, kisha kizibo cha chupa ya mvinyo jukwaani kikampiga jichoni na kumtoa kwenye mashindano. Mtu anaweza kukata tamaa kwa ujinga mdogo kuliko huo. Na kabla yake, mwaka 2015, Daniel Teklehaimanot alikuwa ameshavaa jezi ya madoadoa ya wapanda milima kwenye Tour.

Kwa nini Eritrea, na si Kenya au Tanzania? Milima tunayo wote. Lakini Giro ya Eritrea ilianza mwaka 1946, na huko mtoto hukua akiona mbio za baiskeli mitaani kama sisi tunavyoona mpira. Anapofika Ulaya msafara haumshangazi.

Chukua Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundishwa na David Kinjah kule Kikuyu. Mwaka 2006, kwenye mashindano ya dunia ya vijana huko Salzburg, akiwa na bendera ya Kenya, alitoka tu kwenye mwanzo wa mbio za saa akamgonga ofisa na kuanguka naye. Miaka yake ya mwanzo ilijaa kuanguka. Mwaka 2007 akaingia kituo cha mafunzo cha shirikisho la dunia huko Aigle, Uswisi, ambako Girmay naye alipita baadaye, na mwaka 2008 akaendesha Tour yake ya kwanza. Hata alipokuwa akipanda leo na kuzama kesho, wapo waliosema ni kichwa. Yeye alieleza kwamba vipimo vilionyesha kichocho, ugonjwa ambao mtu wa Mwanza au Kisumu hahitaji kuelezwa. Tour nne alizishinda kati ya 2013 na 2017.

Mtaalamu wa kulipwa wa Ulaya hushindana siku 60 mpaka 80 kwa mwaka. Rwanda ina Tour yake, ambayo imekuwa kwenye kalenda ya kimataifa tangu 2009, na tofauti kwa waendesha baiskeli wake inaonekana. Kwingineko katika ukanda huu kijana mwenye mapafu ya ajabu hupata mbio chache za mwishoni mwa wiki, mara nyingi kwenye barabara ambayo haijafungwa, malori yakipita ubavuni. Mpeni siku 70 za mbio kwa mwaka, miaka mitatu mfululizo. Ateremke milima kwenye mvua katikati ya watu 150, aanguke, ainuke, akose nafasi na kuipata. Tukishafanya hivyo, ndipo tukutane kijiweni tujadili moyo wake.